Imani Kama Hina, Haikolei kwa Pupa



Kabla ya harusi tunasingwa siku kadhaa, na hina tunaiacha ikae mpaka ikolee. Lakini kwenye dini tunataka tukamilike siku ya nikaha. Wiki ya kwanza ni sala za usiku na juzuu nzima kila alfajiri. Kazi, mimba na jiko vikitulemea, tunajiona tumeshindwa, tunaacha vyote.

Tukumbuke Qur'ani imeshuka kwa takriban miaka 23. Funga ya Ramadhani ilifaradhishwa mwaka wa 2 wa Hijria, na ulevi uliharamishwa kwa hatua. Masahaba wenyewe walilelewa pole pole.

Basi faradhi tuzishike, na sunna tuanze na tunazoziweza: rakaa mbili, ukurasa mmoja. Tukikatika, turudi. Subra si kunyamazia dhulma ndani ya nyumba. Ni kutokata tamaa na rehema za Mola. Bibi zetu wamezeekea juu ya mswala, na bado wanaomba mwisho mwema.

Mola atuthibitishe sote. Amin.