Kusoma Maisha ya Mwenzio

Kujiendeleza ni neno linalotamkwa sana katika mikutano na madarasa yetu. Ni mara chache, hata hivyo, tunapojiuliza: mtu anayesimulia jinsi alivyojiendeleza, anatusimulia ili tumstaajabie, au ili tujitazame?

Swali hilo lilitufika katika miaka ya 1990, tulipohamishiwa Nachingwea kushika kazi ya ukarani. Elimu yetu ilikomea sekondari, na wenzetu wenye shahada walitupita vyeoni. Basi tukatafuta kila kitabu cha mtu aliyeanza chini akafika juu, tukakisoma usiku kwa taa ya chemli kama atafutaye ufunguo uliopotea. Ufunguo hatukuuona. Vingi vya vitabu hivyo vilisimulia mavuno, vikaruka palizi.

Wenyeji wa Nachingwea wanazifahamu hadithi za namna hiyo. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga, wakaleta matrekta na kujenga reli kutoka Mtwara. Ahadi zilizidi uwezo wa mvua na udongo. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na baadaye hata reli ikang'olewa.

Ndipo tulipokirudia kitabu cha Shaaban Robert, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Shaaban alikuwa karani kama sisi: aliitumikia idara ya forodha huko Pangani tangu 1926 hadi 1944, kisha akahamishiwa Mpwapwa. Hakuficha msiba wa kufiwa na mkewe, wala adha za safari, wala uchungu wa ubaguzi wa rangi. Humo pia mna tenzi za mausia alizomtungia bintiye na mwanawe wa kiume.

Katika safari moja ya kikazi tulikwenda na kitabu hicho Ruangwa. Mwenyeji wetu, bibi aliyejifunza kusoma ukubwani katika kisomo cha watu wazima cha miaka ya 1970, aliomba kukiazima. Tuliporudi kukichukua, tulimwuliza amejifunza nini humo juu ya kupanda cheo. Alitutazama kwa huruma.

"Mwanangu," alisema, "huyu bwana hakufundisha kupanda cheo. Amefundisha kuwaachia watoto neno. Wewe wako umewaandikia nini?"

Hatukuwa na jibu. Kila jioni tulikuwa tukimwondoa binti yetu mezani ili tusome kwa utulivu habari za watu waliofanikiwa.

Tuliporejea nyumbani tulimkalisha karibu na taa, tukaanza kumtungia utenzi wetu. Vina vyake havikuwa vyote sawa, naye hakusita kutusahihisha. Cheo hakikuja kwa sababu hiyo. Lakini nyumba ilipata wasomaji wawili.

Enyi walimu, mnapowapa wanafunzi tawasifu, msiwaulize tu mwandishi alifika wapi. Waulizeni pia njiani alipoteza nini, na alichokipata alimgawia nani. Nanyi vijana, someni maisha ya wenzenu, kisha mwangalie ni nani mliyemwondoa mezani.