Mizunguko Miwili

Utotoni nilimshikia mzee tochi kila alipobadilisha taiming belti. Corolla yetu ya dizeli ilipofikisha kilomita 100,000 tangu aifunge mara ya mwisho, yeye hayupo tena. Nikaingia uani peke yangu, fundi wa mtaani akinicheka. Ukikosea, vali zinagonga pistoni na injini ndiyo basi. Nikalinganisha alama tatu: kamshafti, krenki, pampu ya dizeli. Nikataka kuwasha. Nikamkumbuka: "Wee, acha ufunguo. Zungusha kwanza kwa mkono." Spana kwenye krenki, mizunguko miwili kamili. Alama ya pampu haikurudi mahali pake. Belti ilikuwa imeruka jino moja. Nikafungua, nikaanza upya. Ilipowaka, nikashika simu. Namba yake sijaifuta bado.