Pikipiki Kuukuu na Chama Chetu

Wahenga walisema: Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Neno hilo hulikumbuka kila nipitapo katika njia kuu ya Lubudi na kusikia vijana wakiniita: “Mwalimu, chuma hicho ni cha enzi ya Nuhu! Nunua kipya!” Hawana ubaya, wanacheka tu, nami hucheka pamoja nao. Lakini wako wengine wanaoniuliza kwa nia njema: Kwa nini mtu mwenye akili timamu, baba wa watoto, mfundisha dini, ashinde Jumamosi nzima amechutama mbele ya pikipiki iliyozaliwa kabla yake? Na kwa nini yeye na wenzake wameunda hata chama kwa ajili ya vyuma hivyo?

Swali ni la haki. Leo napenda kulijibu. Sitaki kujisifu, ila naona ndani yake mna faida kwa kila msomaji, hata kwa yule asiyepanda pikipiki maisha yake yote.

Chombo cha safari za misioni

Kwanza habari ya kale. Mwaka 1925 padri mmoja Mjerumani, Otto Fuhrmann, alikuwa akihubiri katika nchi ya Waovambo, kaskazini mwa nchi tunayoiita leo Namibia. Akashikwa na malaria pamoja na nimonia. Hospitali ilikuwa mbali, na chombo cha kumfikisha upesi hakikuwapo. Akafa. Rafiki yake, Padri Paul Schulte wa Shirika la Oblati wa Maria Imakulata, aliyekuwa rubani wa ndege katika Vita Kuu ya Kwanza, alihuzunika sana, lakini hakuishia kulia. Mwaka 1927 alianzisha chama kiitwacho MIVA, kazi yake kuwapatia wamisionari vyombo vya kusafiria: magari, mashua, ndege, na pikipiki pia. Chama hicho kinafanya kazi hata leo.

Mnaona, basi, kwamba pikipiki katika misioni haikuja kama pambo. Ilikuja kwa sababu mtu mmoja alikufa akingoja. Sisi makatekista wa vijijini tunalijua jambo hilo bila kusoma kitabu. Ukiitwa usiku kwa mgonjwa, na kijiji ni kilomita 40, hutaulizwa pikipiki yako ni ya mwaka gani. Utaulizwa: Je, inawaka?

Mabinti wa Herstal

Pikipiki za kwanza zilifikaje kwetu? Reli iliyotoka kusini ilifika Bukama mwaka 1918, ikipita hapa Lubudi. Kisha Wabelgiji wakajenga kiwanda cha simenti. Pamoja na watu wa reli, wa kiwanda na wa misioni, zikaja pikipiki za kwao. Karibu na mji wa Liège kuna mji uitwao Herstal, na humo viwanda vitatu, yaani FN, Saroléa na Gillet, vilitengeneza pikipiki nzuri mno, hata Wabelgiji wakaviita mabinti wa Herstal. FN kilikuwa kiwanda cha bunduki, kilichoanzishwa mwaka 1889. Mwaka 1905 kilitoa pikipiki yenye silinda nne, isiyo na mnyororo. Gurudumu lake lilizungushwa na mti wa chuma. Mwaka 1958 Mbelgiji René Baeten alitwaa ubingwa wa dunia wa motokrosi juu ya FN. Lakini katika miaka ya 1960 kiwanda hicho kikaacha kutengeneza pikipiki, kikabaki na bunduki zake. Chuma kile hakizaliwi tena. Kilichobaki ndicho kilichobaki.

Na msidhani ya kuwa mambo hayo ni ya wanaume peke yao. Mwezi wa Desemba 1934 wanawake wawili Waingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London juu ya Panther ya sentimita za ujazo 600, yenye kigari cha pembeni na tela nyuma. Wakavuka jangwa la Sahara, wakapita Kongo yetu, na mwezi wa Julai 1935 wakafika Cape Town. Katika chama chetu yumo mama mmoja, mwalimu wa shule, na habari hii ndiyo silaha yake kila mara mtu anapomwambia arudi jikoni.

Ile ninayoipanda mimi

Yangu mimi si FN. Ni Yamaha AG100, iliyobuniwa Japani kwa ajili ya wakulima wa Australia na New Zealand. Ilikuwa ya padri, kisha ya muuguzi, kisha ikalala miaka mingi chini ya mwembe mpaka nilipoinunua kwa bei ya mbuzi wawili. Mnyororo wake umefungiwa ndani ya kifuniko, vumbi lisiingie. Mbele na nyuma ina vichanja vya mizigo. Mkulima wa Australia humweka hapo kondoo mgonjwa. Mimi huweka vitabu vya mafundisho, na wakati wa kurudi, muhogo na kuku niliopewa.

Injini yake ni ya mapigo mawili. Maana yake, oili ya kulainisha pistoni huingia pamoja na esanse, huungua na kutoka kwa moshi. Katika pikipiki nyingi za aina hiyo mtu huchanganya oili na esanse kwa mkono. Hii ina tangi dogo la oili na pampu yake. Pampu ikikosa oili, pistoni hukauka, hushikana na silinda, na safari imekwisha. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla sijapiga teke la kuiwasha, mimi hutazama oili. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu huingia kila mahali. Hapo lazima kufungua sifongo linalochuja hewa, kulifua, kulikausha na kulirudisha. Wakati wa mvua maji huingia penye nyaya za moto. Hapo lazima kukausha buji na kusafisha ncha zake. Hakuna hata moja katika kazi hizo iliyo ngumu. Ugumu uko katika kuzifanya kila siku, hata siku usiyo na hamu. Anayejitahidi kusali atanielewa bila maelezo.

Kazi hiyo imenifundisha jambo lingine. Chuma hakikubali maneno. Ukiwa mwalimu, watu hukuheshimu, hukubali usemayo, na hatari yake ni kujiona unajua yote. Lakini kabureta iliyoziba haijui kwamba wewe umesoma seminari. Ni lazima uifungue, utazame tundu lake dogo kuelekea mwanga, na ukubali ukweli unaouona.

Sheria za chama

Chama chetu tuko watu kumi na mmoja. Yupo mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli, wapo mafundi wawili, muuguzi, yule mama mwalimu, wachimbaji wachache wanaokuja kutoka upande wa Kolwezi, na mimi mwandishi wa daftari. Tunakutana Jumapili ya kwanza ya mwezi baada ya Misa. Jumamosi ni siku ya kazi.

Tulipoandika sheria zetu tulitazama kwanza mataifa wanafanyaje. Liko shirikisho la dunia la vyombo vya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966. Linasema chombo cha historia ni kile chenye umri wa miaka 30 au zaidi, kilichotunzwa katika hali yake ya asili, tena kisichotumiwa kwa safari za kila siku. Miaka 30 tukakubali. Hali ya asili tukakubali, kadiri ya uwezo. Lakini tulipofika kwenye safari za kila siku, mzee wa reli akasema, “Huyo aliyeandika hana shamba.” Tukacheka, tukaiacha sehemu hiyo. Kwetu pikipiki ya kale inakwenda sokoni, inampeleka mama mjamzito kwenye zahanati, na Jumapili inaoshwa na kung'aa kama ya harusi.

Sheria nyingine ni hizi: Vyombo vya kazi ni vya wote, kila mmoja huvirudisha vikiwa safi. Anayekunywa pombe hapandi siku hiyo. Kofia ngumu kichwani, hata kwa safari ya kufika kisimani. Na kila mwezi mtu huweka kitu katika sanduku, kwa maana kidole kimoja hakivunji chawa.

Shauri la mjane

Sasa nawaambieni jambo lililotupima. Mwenzetu mmoja alifariki, akaacha mke na watoto watano. Aliacha pia FN XIII, ya aina ile iliyoanza kutengenezwa Herstal baada ya Vita Kuu ya Pili. Baba yake aliipata kwa Mbelgiji mmoja wa kiwanda, naye akaitunza kama mboni ya jicho. Ndiyo iliyokuwa fahari ya chama chetu. Katika maandamano ya sikukuu ilitangulia, nasi wengine tukafuata.

Arobaini haijapita, akaja mfanyabiashara mmoja. Akamwambia mjane, “Mama, chuma hiki hakina kazi. Nitakupa dola mia mbili, niondoe takataka uani kwako.” Mama yule alikuwa na karo ya shule na paa linalovuja. Lakini hakujibu upesi. Alitutumia habari, akauliza, “Ninyi mliokuwa ndugu zake, mwasemaje?”

Tulikutana, na mkutano ule ulikuwa mchungu. Mwenzetu mmoja alisema isiuzwe kamwe. Ni mali ya historia ya Lubudi, na kuiuza ni kumzika marehemu mara ya pili. Mwingine akasema chama kiinunue. Tulifungua sanduku, tukahesabu: hazikufika hata zile dola mia mbili. Mimi mwenyewe moyo wangu uliniuma, kwa kuwa juu ya FN ile marehemu alinifundisha habari ya manyeto, ile sumaku inayozunguka na kutoa cheche bila betri. Ndipo mzee wa reli akasema neno ambalo sitalisahau: “Mume wake aliitunza miaka yote. Sasa ni zamu yake kumtunza mjane.” Akanyamaza. Nasi tukanyamaza.

Basi tukafanya kile ambacho chama kinaweza kufanya. Tuliisafisha, tukaiwasha, tukaandika namba ya injini na namba ya chasisi, tukapiga picha, tukawatafuta watu wanaopenda pikipiki za Herstal huko Ubelgiji, tukajua bei yake ya haki. Yule mfanyabiashara alirudi, akatukuta tumekaa na Mama uani, karatasi mkononi. Mwishoni aliuziwa mwingine, kwa bei iliyopita ile ya kwanza mara saba. Paa likaezekwa, na watoto wakarudi shule.

Sitawaficheni: mwenzetu yule aliyepinga alitoka katika chama kwa hasira, na mpaka leo hajarudi. Kiti chake tunakiacha wazi. Na siku ile FN ilipopakiwa katika lori, hakuna aliyeweza kusema neno. Je, tulifanya vema? Mimi naamini hivyo. Tungeiweka ile pikipiki uani huku watoto wanalowa mvua, tungekuwa tumeabudu chuma.

Mama yule alitupa sanduku la vyombo vya mumewe. Na mwanawe wa kwanza, mwenye miaka kumi na sita, sasa huja kila Jumamosi. Ana mkono mwepesi kuliko wa baba yake.

Neno la mwisho

Mnakumbuka kwamba mwaka 2013 Baba Mtakatifu Fransisko alipewa pikipiki mbili za Harley-Davidson. Moja yake, yenye sahihi yake juu ya tangi, iliuzwa kwa mnada mjini Paris mwezi wa Februari 2014 kwa euro 241,500, na fedha zikaenda Caritas ya Roma kwa ajili ya watu wasio na makao. Hakuidharau zawadi, wala hakuifungia ghalani. Aliipeleka mahali ilipohitajiwa.

Kwa hiyo, ninyi vijana mnaobeba abiria, wale ambao huko Lubumbashi huitwa manseba, hata kama pikipiki yenu ni ya juzi, msingoje ife ndipo mwite fundi. Tazameni oili asubuhi. Fueni sifongo la hewa. Kazeni spoki. Pikipiki mpya nayo itazeeka. Kinachotofautiana ni kama itazeeka mikononi mwa mtu mwenye saburi au itatupwa kando ya njia. Na kama huna pikipiki, unayo cherehani ya mama, saa ya babu, au jembe la ukoo. Usiache mbachao kwa msala upitao. Ila siku jirani atakapokuwa na shida kubwa kuliko mapenzi yako, ujue kuachilia.

Anayependa kuona kwa macho, karibu. Tunakutana Jumapili ya kwanza, baada ya Misa, chini ya mwembe karibu na njia ya reli. Aje na kitambaa cha kufutia mikono.