Homa Yenye Jina la Kwetu

Mahagi ni mji mdogo wa Ituri, mashariki mwa Kongo, karibu kabisa na mpaka. Ukivuka pale Goli uko Uganda, katika eneo ambalo Waingereza waliliita West Nile kwa sababu liko magharibi ya mto. Waalur wako pande zote mbili. Babu yangu alikuwa akivuka kwenda sokoni na kurudi jioni, na nyumbani kwetu hakuna aliyesema kwamba amekwenda nchi ya nje. Kwa hiyo West Nile kwetu halikuwa jina la ugonjwa. Ilikuwa ng'ambo tu, mahali wanapokaa wajomba.

Shangazi yangu alilisikia kama ugonjwa kwa mara ya kwanza mwaka juzi, hapa Amherst, kwenye simu. Mkalimani wa hospitali hakuwepo chumbani. Alikuwa sauti kwenye spika, na Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kizuri, kilichonyooka. Alisema vipimo vinaonyesha kwamba mama aliambukizwa virusi vya Nile Magharibi. Shangazi akanigeukia. "Iko ya kwetu?" Halafu, kwa sauti ya chini zaidi: "Ni mimi niliileta?"

Alikuwa na miaka tisa Marekani na hajarudi hata mara moja. Agosti ile alishikwa na homa, kichwa, na uchovu ambao haukuisha kwa wiki tatu. Jioni anapenda kukaa nje nyuma ya nyumba, si mbali na Ellicott Creek, na mbu wa huku hawachagui mtu.

Swali lake la pili ndilo lililonipeleka maktaba. Nilitaka nimjibu kwa kitu kizito kuliko "hapana, Shangazi".

Kirusi hiki kilipatikana mwaka 1937 katika damu ya mwanamke mmoja wa Omogo, wilayani West Nile. Watafiti waliochukua damu ile walikuwa wakitafuta homa ya manjano. Yeye alikuwa na homa tu. Jina la wilaya yake ndilo lililobaki. Miaka 62 baadaye, kiangazi cha 1999, kunguru walianza kuanguka wakiwa wamekufa katika jiji la New York, ndege wa bustani ya wanyama ya Bronx wakafa pia, na wazee wa mtaa wa Queens wakalazwa na uvimbe wa ubongo. Mwaka ule wagonjwa 62 walithibitishwa na saba walifariki. Mwanzoni ilidhaniwa ni ugonjwa mwingine, unaoitwa kwa jina la St. Louis. (Huko nako ni mahali pa watu.) Ndani ya miaka michache kirusi kilikuwa kimefika pwani ya Pasifiki.

Nilichomwambia Shangazi ni hiki: kirusi hiki kinaishi kwa ndege. Mbu anamnyonya ndege mgonjwa, anampa ndege mwingine, na mara mojamoja anamuuma mtu njiani. Ndani ya mtu virusi havifiki wingi wa kutosha kumwambukiza mbu mwingine. Kwa mtu ndipo safari inapoishia. Kwa hiyo hata kama angetoka Mahagi jana na homa yake mwilini, asingeweza kuwapa mbu wa Amherst. Wao ndio waliompa yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, akasema basi ni wao wamwombe radhi.

Ingeishia hapo tungeshukuru. Watu wanane kati ya kumi wanaoambukizwa hawahisi chochote, na karibu wote waliobaki hupata homa inayopita. Mmoja kati ya watu 150 hivi ndiye hupata madhara makubwa ya ubongo au mishipa ya fahamu. Shangazi hakuwa huyo. Lakini miezi mitano baadaye, katika kipimo cha kawaida, kreatinini ilikuwa juu. Kreatinini ni taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye damu. Ikipanda, ujue chujio halifanyi kazi vizuri. Wakarudia baada ya miezi mitatu. Figo zake zilikuwa zinafanya kazi chini kidogo ya nusu.

Mkalimani, safari hii mwingine, alisema "ugonjwa sugu wa figo". Darasani tumelisoma neno sugu. Nyumbani kwetu sugu ni mtoto asiyesikia. Shangazi akauliza figo zake zimekataa nini.

Je, ni ile homa? Watafiti wa Houston waliwafuatilia watu waliowahi kuugua ugonjwa huu. Mwaka 2010 walitangaza kwamba walikuta vipande vya kirusi kwenye mkojo wa watu watano kati ya 25, mmoja wao zaidi ya miaka sita baada ya kuugua. Mwaka 2012 wakasema kwamba kati ya watu 139, asilimia 40 walikuwa na dalili za ugonjwa sugu wa figo. Nilipoyasoma hayo nilidhani nimepata jibu. Lakini mwaka 2011 watafiti wengine walikuwa wamepima mkojo wa watu 40, zaidi ya miaka sita baada ya kuugua, na hawakukuta kirusi kwa hata mmoja. Tena Shangazi ana presha, ambayo pamoja na kisukari ndiyo inayoharibu figo za watu wengi zaidi nchini hapa. Na kwa miaka alimeza ibuprofeni kwa ajili ya magoti, kila siku baada ya zamu ya usafi. Daktari alisema wazi kwamba hawezi kuchagua kimoja.

Mimi nimekubali. Dawa ya presha, chumvi kidogo, kuacha ibuprofeni, kupima kila miezi mitatu: hayo yangekuwa yaleyale hata kama chanzo ni mbu. Kwake si rahisi hivyo. Presha ni yake, lakini mbu ni wa Amherst, na angependa walau nusu ya lawama ibaki huku.

Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri magonjwa mapya yasipewe majina ya mahali. Kwetu ushauri ulichelewa: Zika ni msitu wa Uganda, Bonde la Ufa lina homa yake. Naona Wamakonde walifanya vizuri zaidi. Chikungunya, iliyotoka kwao miaka ya 1950, ni neno linalosema ugonjwa unavyomkunja mtu, wala halimnyooshei kidole jirani.

Ugomvi uliobaki nyumbani ni makayabo. Samaki yule ni chumvi tupu. Shangazi anamloweka usiku kucha na kubadilisha maji mara tatu, akisema chumvi yote imeondoka. Nimempigia hesabu, hakubali. Kwa sasa tumepatana mara moja kwa mwezi, na si wiki ya kipimo.