Siku Tatu za Baba

Mimi ni bwana shamba. Nina watoto wawili. Leo nataka kukueleza kosa nililofanya kwa mtoto wa kwanza.

Mtoto huyo alizaliwa Musoma, mwezi wa Desemba. Wakulima wa Bunda walikuwa wanapanda pamba. Asubuhi nilimwona mtoto. Jioni nikapanda pikipiki kwenda Bunda. Sikuomba likizo. Nilidhani likizo ya uzazi ni ya akina mama tu. Tena niliona haya. Wenzangu wangenicheka.

Nilirudi baada ya wiki tatu. Mke wangu alikuwa amedhoofika. Alikuwa akichota maji na kutafuta kuni mwenyewe. Nilimpakata mtoto, akalia. Sikujua hata namna ya kumshika. Jirani alimchukua, naye akanyamaza. Jirani alimjua mwanangu kuliko mimi.

Mtoto wa pili alizaliwa Butiama. Safari hii nilikuwa nimeuliza mapema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema hivi:

Mama aliyeajiriwa hupata likizo ya siku 84, huku akilipwa mshahara. Akizaa pacha, hupata siku 100. Amwarifu mwajiri miezi 3 kabla ya kujifungua, na apeleke cheti cha daktari. Likizo ikiisha, ana haki ya kurudi kazini kwa masharti yale yale. Akiwa kazini hupewa nafasi ya kunyonyesha, hadi saa 2 kwa siku.

Baba naye hupata angalau siku 3 kwa malipo. Lakini azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe.

Niliandika barua, nikapewa siku zangu 3. Ni chache. Hata hivyo nilichota maji, nilipika uji wa mzazi, na nilijifunza kumwogesha mtoto. Baada ya hapo sikuacha. Leo mtoto huyu akiumia, hunikimbilia mimi. Yule wa kwanza hunipita, akaenda kwa mama yake.

Ndugu mkulima, wewe huna mwajiri wa kumwandikia barua. Likizo utajipa mwenyewe. Nakwambia mimi bwana shamba: pamba itakusubiri siku 3. Mkeo akijifungua, weka jembe chini. Chota maji. Mpakate mwanao.