Siku 69 za Chile, siku 41 za Nyangalata

Wasomaji wanaofuatilia makala zangu kwa ajili ya katiba, bajeti na chaguzi wataniwia radhi leo nikizungumzia sinema. Si kwamba nimeichoka siasa. Katika miezi ya karibuni nimetazama filamu tatu zinazohusu machimbo, mbili za Hollywood na moja ya Kifilipino, na zote zimenirudisha mahali ninapotoka, yaani ukanda wa dhahabu unaoanzia Kahama, mkoani Shinyanga, ukapita Kakola na Bulyanhulu hadi Nyarugusu, Katoro na Geita mjini.

Ya kwanza ni The 33, iliyoongozwa na Patricia Riggen. Inasimulia kisa cha wachimbaji 33 wa Chile waliofukiwa katika mgodi wa San José tarehe 5 Agosti 2010, wakaishi chini ya ardhi siku 69, kisha wakatolewa wote wakiwa hai. Imetengenezwa kwa ustadi, na sioni haya kusema kwamba machozi yalinilengalenga pale wachimbaji wenye njaa wanapoota karamu, kila mmoja akiandaliwa chakula na ampendaye. Hata hivyo ina desturi ya Hollywood ya kumtafuta mwokozi. Tunapewa waziri kijana mwenye sura ya kupendeza, tunapewa mhandisi na mitambo yake, na kamera haichoki kuwatazama. Kisha, filamu inapofungwa, maandishi machache yanatuarifu kwamba hakuna aliyetiwa hatiani na kwamba kampuni haikuwalipa wachimbaji fidia. Jambo ambalo kwangu ndilo kisa chenyewe limeachiwa sekunde chache, watazamaji wakiwa wameshaanza kutafuta viatu vyao.

Filamu hiyo niliitazama mara mbili. Mara ya pili ilikuwa Katoro, katika kibanda cha video, pamoja na wachimbaji wapatao ishirini, sauti ya mtafsiri ikipita juu ya sauti za waigizaji kwa mtindo ambao Lufufu aliwazoesha Watanzania. Nimehudhuria makongamano ya wataalamu wa filamu yasiyofikia uchambuzi wa usiku ule. Dakika za mwanzo tu mmoja aliuliza, "Matimba yako wapi?" Wachimbaji wa Chile walipopanda shimo la hewa na kukuta ngazi haifiki juu, kibanda kizima kiliangua kicheko, si cha dhihaka, bali kile cha mtu anayekutana na jirani ugenini. Mawaziri walipoanza kupishana kwenye kioo, kijana aliyekaa mbele yangu alikuwa na swali moja, akalirudia mara tatu: "Sasa mwenye duara yuko wapi?" Na ncha ya mtambo ilipowafikia waliofukiwa, mzee mmoja alisema taratibu, "Kwetu matanga yangeshaanuliwa."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. The 33 ilianza kuoneshwa katika kumbi za Marekani tarehe 13 Novemba 2015. Siku mbili baadaye, tarehe 15 Novemba, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai katika machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama, baada ya kukaa chini ya ardhi siku 41. Walikuwa wamekula mende, vyura na mizizi, na kunywa maji yaliyokuwa yakidondoka kutoka juu. Mwenzao mmoja alifia humo humo. Duara lao lilikuwa limeporomoka tarehe 5 Oktoba. Ninyi mnaopenda kalenda ya siasa hesabuni: walifukiwa Rais akiwa Jakaya Kikwete, uchaguzi mkuu wa tarehe 25 Oktoba ukapita juu ya vichwa vyao, na walipoliona jua tena Rais alikuwa John Magufuli. Hakuna mwandishi wa Hollywood ambaye angethubutu kubuni kitu kama hicho. Angeambiwa anatia chumvi. Dunia ilizungumzia Nyangalata kwa siku chache, kisha ikaendelea na mambo yake. Chile ilipata Antonio Banderas.

Ya pili, Gold (2016), sina mengi ya kuisema. Matthew McConaughey amenenepa na kunyoa utosi, anahangaika, anatajirika, anaanguka. Imechotwa kwenye kashfa ya Bre-X, kampuni ya Kanada iliyodai kugundua hazina kubwa ya dhahabu huko Busang, Indonesia, hadi mwaka 1997 ilipobainika kwamba sampuli za mawe zilikuwa zimetiwa dhahabu kwa makusudi. Mjiolojia wa Bre-X, Michael de Guzman, aliyeanguka kutoka kwenye helikopta Machi 1997, alikuwa Mfilipino. Katika filamu amegeuzwa kuwa Michael Acosta, akaigizwa na Mvenezuela, Édgar Ramírez. Wakati huohuo, katika The 33, kiongozi wa zamu wa wachimbaji wa Chile ameigizwa na Lou Diamond Phillips, aliyezaliwa Ufilipino na mama Mfilipino. Inaonekana huko Hollywood wote tunaotoka nchi zenye madini tunaweza kubadilishana sura. Wanafunzi wangu waliipenda Gold kwa sababu ya makinikia: wanakumbuka mwaka 2017, makontena 277 bandarini, kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma, na nchi nzima ikijifunza kwamba anayepima jiwe ana nguvu kuliko anayelichimba.

Filamu iliyonikosesha usingizi ni ya tatu. Inaitwa Oro, imeongozwa na Alvin Yapan, na ilioneshwa katika tamasha la Manila Desemba 2016. Nilipata nakala yake kwa Mfilipino niliyesoma naye shahada ya uzamivu. Sisi Ufilipino tumeufahamu zaidi kwa tamthilia za runinga, za tajiri anayempenda maskini na mtoto aliyepotea akarudi na alama mwilini. Oro haina hata chembe ya hayo. Msingi wake ni mauaji ya wachimbaji wadogo wanne katika kijiji cha Gata, Caramoan, Machi 2014. Irma Adlawan anaigiza mwanamke kiongozi wa kijiji, na siku hiyohiyo ya kwanza nilimtambua: ni kama mwenyekiti wa kitongoji kokote huku kwetu, anayejua nani anadaiwa nini na nani, na ambaye mamlaka yake yanakoma mara tu watu wenye bunduki wanapowasili. Wanakuja kwa jina la kulinda mazingira. Hakuna mtambo wa uokoaji, hakuna waziri. Kuna kijiji kinachoishi kwa dhahabu, na kuna swali la nani ana haki ya kuichimba.

Filamu hiyo ilizua ghadhabu nchini mwao, kwa kuwa ilibainika mbwa aliuawa kweli wakati wa upigaji picha, na tuzo moja iliyokuwa imepewa ikafutwa. Sitetei kuuawa kwa mbwa yule. Najiuliza tu kama wale wanne wa Gata waliwahi kuliliwa na watu wengi kiasi hicho.

Nilipokuwa nikiitazama, jina lililokuwa likinijia ni Bulyanhulu. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa pale kuipisha kampuni ya kigeni. Yakaibuka madai kwamba wapo waliofukiwa mashimoni wakiwa hai. Serikali na kampuni zikakanusha. Mwaka 2002 ofisi ya malalamiko ya kundi la Benki ya Dunia ikasema haikupata ushahidi wa kuyathibitisha. Mwanafunzi wangu wa leo, aliyezaliwa baada ya hapo, hana picha yoyote kichwani kuhusu Bulyanhulu ile ya kabla ya uzio. Wafilipino walihitaji chini ya miaka mitatu kuipeleka Gata kwenye sinema. Sisi tuna miaka karibu thelathini.

Na hatuwezi kusema hatuna waigizaji. Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga. Lakini filamu zake nilizoziona, kama nyingi za wenzake, zinakaa sebuleni kwa tajiri wa Dar es Salaam, kwenye makochi makubwa, ambako hakuna anayeuliza fedha ya kuyanunulia ilichimbwa wapi.

Nilipoyasema haya darasani, binti mmoja kutoka Nyang'hwale aliuliza kibali cha kupiga picha machimboni kinaombwa kwa nani: serikalini, kwa mwenye leseni au kwa mwenye duara. Tukaandika barua tatu. Aliyejibu kwanza ni mwenye duara, kwa simu, saa tatu usiku. Alitaka kujua kama katika filamu hiyo yeye atakuwa mtu mwema au mtu mbaya.