Springi Iliyobaki Ndani ya Mkebe

Gari la MGB, lenye viti viwili na lipendalo mbio, liliundwa Abingdon, nchini Uingereza, tangu mwaka 1962 hadi 1980. Magurudumu yake ya mbele husimamishwa kwa breki za diski. Ya nyuma kwa breki za ngoma. Baba mmoja wa nchi hiyo alinunua gari kuukuu la aina hiyo, akamwahidi binti yake matembezi siku ya Jumapili.

Jumamosi alilipiga jeki, akaliweka juu ya stendi imara, akazuia magurudumu ya mbele kwa magogo. Alifungua ngoma ya upande mmoja kwanza, ili upande wa pili umwonyeshe kila springi hukaa wapi. Vumbi hakulipuliza, kwani breki nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, iharibuyo mapafu. Alilifuta kwa kitambaa chenye maji. Kisha akafunga brekishuu mpya, akijihadhari zisiguswe na grisi.

Jioni, pande zote mbili zilipokwisha, aliona springi moja imebaki ndani ya mkebe. Hata hivyo, magurudumu yalizunguka vizuri.

“Baba, kesho tunakwenda?” binti akauliza.

Akaitazama springi, akamtazama mtoto. “Bado, mwanangu.” Akafungua upya.

Alipoiona kasoro aliisahihisha. Akakaza kirekebishi hata gurudumu likakwama, akakilegeza kidogo hata likazunguka huru.

Jumapili walichelewa kuondoka. Lakini katika mteremko wa kwanza gari lilisimama lilipotakiwa. Mbio ni sifa ya gari. Kusimama ni usalama wa waliomo.